Dawa ipi ya usingizi kwa mgonjwa atakayeamshwa katikati ya upasuaji wa mgongo?

Mgonjwa amelala kifudifudi. Mgongo umefunguliwa kutoka mabegani hadi kiunoni, skrubu zimeingia kwenye pingili, vyuma vimefungwa na mpasuaji amekwisha kuunyoosha mgongo uliopinda. Kabla hajashona anataka kujua jambo moja: miguu bado inafanya kazi? Njia ya wazi kuliko zote ya kupata jibu ni kumwamsha mgonjwa pale pale mezani, kidonda kikiwa wazi, na kumwambia achezeshe vidole vya miguu. Jaribio hili lilichapishwa mwaka 1973 na Vauzelle, Stagnara na Jouvinroux wa Lyon, Ufaransa, enzi ya vyuma vya Harrington, fimbo za kunyooshea mgongo za wakati huo, na hadi leo linaitwa kwa jina la Stagnara.

Hospitali zenye mashine ya kupima ishara za neva hulitumia pale tu ishara zinapopotea na kukataa kurudi. Hospitali zisizo na mashine hiyo, na katika Afrika Mashariki ni nyingi, hulitegemea jaribio hili kama kinga kuu dhidi ya mgonjwa aliyeingia anatembea na kutoka amepooza. Katika hali zote mbili mtaalamu wa usingizi huamua mapema, tangu anapovuta dawa ya kwanza kwenye sirinji, kama mgonjwa ataamka kwa dakika 10 au kwa dakika 50.

Kwa kawaida tunazilinganisha dawa za nusukaputi kwa jinsi zinavyolaza: kasi, presha, kichefuchefu. Hapa kipimo ni kingine. Ukifunga dawa baada ya saa 4 za kuitiririsha, inachukua muda gani kushuka hadi nusu kwenye damu? Na akili ikisharudi, je, misuli itakuwa na nguvu ya kutii? Dawa inayoondoka haraka baada ya dozi moja inaweza kung'ang'ania kwa saa kadhaa baada ya dripu ndefu, maana misuli na mafuta ya mwili huwa ghala lake, na ukifunga pampu ghala hilo linaanza kuirudisha kwenye damu.

Dozi zilizotajwa humu ni za mgonjwa mwenye moyo, ini na figo nzima, mikononi mwa mtu aliyefunzwa kazi hii.

Propofoli au gesi

Propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, kwa pampu ndiyo chaguo la kwanza panapokuwa na pampu mbili za sirinji zinazoaminika. Baada ya saa 3 za kutiririka, kiwango chake hushuka hadi nusu ndani ya robo saa hivi, na hata baada ya saa 8 haizidi dakika 40. Mgonjwa anaamka akili imetulia, hatapatapi, hatapiki. Ishara za neva, hasa zile za mwendo, inaziacha zikisomeka. Kiwango cha kumlaza ni mikrogramu 100 hadi 150 kwa kilo kwa dakika, na mwenye pampu inayolenga kiwango cha dawa kwenye damu huweka mikrogramu 3 hadi 4 kwa mililita.

Kosa la kawaida la propofoli ni kuiacha kwenye kiwango kile kile tangu asubuhi. Saa ya kwanza mwili unakunywa dawa, saa ya tatu umeshiba. Usipoipunguza taratibu kila baada ya saa, mgonjwa wa 150 za asubuhi anakuwa mzito sana adhuhuri, na hapo ndipo mpasuaji anapotaka aamke.

Gesi zina faida moja ambayo propofoli haina: kwenye skrini unaona kiasi kilichomo mapafuni kila pumzi. Kiwango kimoja cha MAC, kipimo cha nguvu ya gesi, ni kile kinachowazuia nusu ya wagonjwa kujitikisa kisu kinapogusa ngozi. Ni kama asilimia 2 kwa sevoflureni, 1.2 kwa isoflureni, 6 kwa desflureni na 0.75 kwa halotheni. Mtu huanza kufumbua macho kwa sauti kiwango kinaposhuka hadi theluthi moja hivi ya hapo, isipokuwa halotheni, ambayo ni kama nusu. Kwa hiyo mwenye isoflureni anajua kwamba ikisomeka asilimia 0.4 anaweza kuanza kumwita mgonjwa. Mwenye propofoli bila kipimo cha mawimbi ya ubongo anakisia.

Ubaya wa gesi ni kwamba zote huzififisha ishara za mwendo, na zikivuka nusu MAC zinaweza kuzifuta kabisa. Kama mashine ya ishara ipo, chagua propofoli na usirudi nyuma. Kama haipo, na kumwamsha ndiyo njia yako pekee, gesi inabaki kuwa chaguo la heshima.

| Dawa | Kabla ya kumwamsha | Ishara za neva | Kinachosumbua |
|---|---|---|---|
| Propofoli | funga dakika 10–15 kabla | huziacha | hujilimbikiza usipopunguza. Lazima pampu |
| Sevoflureni | funga dakika 10–15 kabla | huzififisha | watoto na vijana huamka wakihangaika |
| Desflureni | funga dakika 5–10 kabla | huzififisha | vepolaiza (chombo cha kugeuza dawa kuwa mvuke) ya kupashwa moto, bei. Husumbua njia ya hewa |
| Isoflureni | shusha dakika 30 kabla, funga 15 kabla | huzififisha | huondoka polepole |
| Halotheni | shusha dakika 40 kabla | huzififisha | moyo hupiga ovyo ikikutana na adrenalini |
| Naitrasi oksaidi | funga dakika 5 kabla | huzififisha | hupanua mapovu ya hewa kwenye damu |

Desflureni ndiyo inayotoka haraka kuliko gesi nyingine kali, lakini ni gesi inayopasha dunia joto kupita kiasi, na Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake ya kawaida kuanzia Januari 2026. Asiyekuwa nayo hajakosa kitu kikubwa.

Halotheni tusiifiche, bado ipo kwenye mashine za baadhi ya vyumba vyetu. Wapasuaji wengi huchoma adrenalini kwenye misuli ya mgongo ili damu isitoke sana. Adrenalini na halotheni zikikutana moyo unaweza kupiga ovyo, na mgonjwa aliyelala kifudifudi si wa kugeuza kwa dakika moja. Kama isoflureni ipo, halotheni iache.

Kuhusu naitrasi oksaidi, zamani ilikuwa uti wa jaribio hili: unaifunga na mgonjwa anaamka. Lakini wakati wa kumwamsha ndipo hatari ya hewa kuingia kwenye mishipa ya damu iliyo wazi inapokuwa kubwa, na naitrasi oksaidi hulikuza kila povu linaloingia. Sisi tungeiacha.

Kitu kimoja kidogo kinachowaponza watu wa gesi: wanafunga vepolaiza na kusahau kuongeza mtiririko wa oksijeni. Mtiririko ukiwa lita 1 kwa dakika, mgonjwa anaendelea kuvuta gesi ile ile aliyoitoa. Pandisha hadi lita 8 au 10 kwa dakika wakati ule ule unapofunga. Usijaribu kuiharakisha kwa kumpumulisha kupita kiasi. Kabonidaioksaidi ikishuka, damu inayokwenda kwenye ubongo na uti wa mgongo nayo inapungua. Kabonidaioksaidi iache kati ya 35 na 40 mmHg.

Remifentanili au fentanili: hapa ndipo penye mzigo

Jaribio likikwama wengi huilaumu propofoli. Mara nyingi mkosaji ni dawa ya maumivu ya jamii ya mofini.

Linganisha hivi. Baada ya saa 4 za dripu, remifentanili inashuka hadi nusu kwa dakika 4 tu. Sufentanili kwa dakika 34. Alfentanili kwa dakika 59. Fentanili kwa dakika zaidi ya 260, yaani saa 4 na zaidi. Sababu ni kwamba remifentanili huvunjwa na vimeng'enya vilivyotapakaa kwenye damu na misuli yenyewe, haingojei ini wala figo, wala haipati nafasi ya kujaza ghala. Itiririshe saa 1 au saa 9, muda wa kuondoka ni ule ule.

Kwa hiyo remifentanili na propofoli ni ndoa nzuri: ya kwanza unaipa kazi kubwa ili ya pili uitumie kidogo. Remifentanili mikrogramu 0.1 hadi 0.3 kwa kilo kwa dakika hukuruhusu kuishusha propofoli hadi 120 au chini ya hapo.

Chukua binti wa kilo 45. Propofoli ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa mililita. Mikrogramu 120 kwa kilo kwa dakika ni miligramu 5.4 kwa dakika, sawa na mililita 32.4 kwa saa. Remifentanili miligramu 1 ukiichanganya kwenye mililita 50 unapata mikrogramu 20 kwa mililita; 0.2 kwa kilo kwa dakika inakuwa mililita 27 kwa saa. Andika namba hizi kwenye plasta ubandike kwenye pampu. Anayekuja kukupokea usiku asianze kupiga hesabu upya.

Wakati wa kumwamsha, funga propofoli, lakini remifentanili usiifunge kabisa. Ishushe hadi 0.03, ambayo kwa binti yule ni mililita 4 kwa saa. Kiasi hicho kinamwacha atii amri huku akiuvumilia mrija kooni. Ukiifunga yote, ndani ya dakika 5 anabaki na kidonda cha sentimita 30 bila kinga yoyote. Anakohoa, anajiinua, na mikono ya mpasuaji iko ndani ya mgongo.

Remifentanili ina deni lake. Haibakizi chochote cha kutuliza maumivu, na dozi kubwa za muda mrefu huufanya mwili uhisi maumivu zaidi baadaye. Jaribio la mwisho likipita, toa mofini miligramu 0.1 kwa kilo, na parasetamoli, kabla hamjaanza kushona. Tena, chupa za remifentanili zina glaisini, kwa hiyo isipelekwe kamwe kwenye maji ya uti wa mgongo wala nje ya utando wake.

Fentanili inawezekana, nao walio nayo peke yake wasivunjike moyo. Siri yake ni kutoigeuza dripu. Toa dozi za mkono: mikrogramu 2 hadi 3 kwa kilo mwanzoni, kisha 25 hadi 50 kila baada ya dakika 45 au 60 kwa mtu wa kilo 45, na dozi ya mwisho iwe si chini ya dakika 45 kabla ya kumwamsha. Inayosaidia hapa ni ganzi anayochoma mpasuaji kwenye misuli mwanzoni, na ketamini kidogo. Kila mikrogramu ya fentanili usiyoitoa ni dakika unayoipata baadaye.

Nalokisoni ya kufuta fentanili iwe ya mwisho kabisa. Inaondoa usingizi na kinga ya maumivu kwa pamoja. Mgonjwa anaruka, presha inapaa, kidonda kinavuja damu, na mapafu yanaweza kujaa maji. Ikilazimu, toa mikrogramu 40 kwa 40 huku ukihesabu pumzi, usimwage kichupa kizima.

Ketamini na deksmedetomidini, kama viungo

Ketamini ni ya bei nafuu, ipo karibu kila mahali, na badala ya kuzififisha ishara za neva inazikuza. Kwa dozi ndogo, miligramu 0.5 kwa kilo mwanzoni kisha 0.1 hadi 0.2 kwa kilo kwa saa, inapunguza kiasi cha fentanili unachohitaji na kupunguza lile deni la remifentanili. Kama dawa kuu ya kumlaza mtu atakayeamshwa haifai: mgonjwa anafumbua macho lakini hayupo, anatazama dari, hatii. Dripu yake ifungwe dakika 30 hadi 45 kabla. Ukitumia BIS, kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachobandikwa kwenye paji la uso, kumbuka ketamini huipandisha namba bila mgonjwa kuwa macho.

Deksmedetomidini ina tabia ya kuvutia, kwamba mtu analala lakini ukimwita anaitika na kutii, kisha anarudi kulala. Ndiyo maana inapendwa. Ila itumike kwa mkono mwepesi: mikrogramu 0.2 hadi 0.5 kwa kilo kwa saa, bila dozi kubwa ya kufungulia. Baada ya dakika 10 za dripu inashuka hadi nusu kwa dakika 4, lakini baada ya saa 8 inachukua dakika 250. Inashusha mapigo ya moyo na presha, na uti wa mgongo ulionyooshwa hivi punde unaitegemea presha kuliko kitu kingine chochote.

Midazolamu, dawa ya kutuliza hofu, tungeiacha, au iwe miligramu 1 tu kabla ya kuingia kwa mgonjwa mwenye hofu kubwa. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba inafuta kumbukumbu. Ni kweli, lakini inafuta pia utiifu. Flumazenili inaiondoa kwa nyongeza za miligramu 0.2, nayo huisha nguvu mapema kuliko midazolamu yenyewe.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha mgongo, ambao kwetu ni wengi, kuna jambo la kuangalia. Wanameza rifampisini, na rifampisini huliamsha ini kuzivunja baadhi ya dawa, midazolamu na alfentanili zikiwemo, kwa kasi isiyo ya kawaida. Remifentanili haiguswi. Halafu wengi wao wanafika wakiwa tayari na udhaifu wa miguu. Pima nguvu ya kila mguu kabla ya kulaza na uiandike, maana jaribio haliwezi kukuonyesha mwendo ambao haukuwepo.

Misuli: kuamka bila nguvu si kuamka

Mgonjwa anaweza kuwa macho kabisa, anasikia kila neno, na asiweze hata kupepesa. Kwa mgonjwa ni mateso, kwa mpasuaji ni hofu ya bure kwamba uti umeumia.

Njia iliyo salama ni kutoa dawa ya kulegeza misuli mara moja tu, ya kuingizia mrija. Rokuroniamu miligramu 0.6 kwa kilo, au atrakuriamu 0.5 kwa kilo, huisha kwa dakika 30 hadi 45. Kufungua mgongo na kuweka skrubu kunachukua zaidi ya hapo. Hadi vyuma vinyooshwe, misuli imerudi yenyewe. Ikiwa mpasuaji analalamika misuli imekaza, ongeza dawa ya maumivu au ya usingizi kwanza. Pankuroniamu, ambayo hudumu saa nzima na zaidi, haina nafasi hapa. Mgonjwa mwenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne, na mara nyingi hao hupinda mgongo, asipewe suksametoniamu wala gesi kali. Misuli inaweza kuvunjika ghafla, potasiamu ikapanda na moyo ukasimama. Kwake ni propofoli.

Pima kwa kifaa kinachotuma mishtuko minne midogo ya umeme kwenye mkono. Unataka mitikiso yote minne, na yenye nguvu sawa. Ikiwa bado ni miwili, linganisha dawa mbili za kufuta. Neostigmini miligramu 0.05 kwa kilo pamoja na atropini 0.02 kwa kilo inafanya kazi, lakini polepole, na inaleta mate, mapigo ya ovyo na wakati mwingine kubana kwa kifua, kwa mtu aliyelala kifudifudi. Sugamadeksi miligramu 2 kwa kilo inaifuta rokuroniamu ndani ya dakika 2 au 3 bila matatizo hayo. Haiifuti atrakuriamu. Na ukiisha kuitoa, rokuroniamu ya kawaida haitashika kwa saa kadhaa. Ukihitaji kulegeza tena, tumia atrakuriamu.

Kuchagua kwa kilichomo kabatini

Pampu mbili, propofoli na remifentanili zikiwepo, tumia hizo, ongeza ketamini kidogo, rokuroniamu mara moja. Hapo kuamka kwa dakika 10 ni jambo la kawaida.

Remifentanili ikikosekana lakini propofoli na pampu moja zipo: propofoli, fentanili ya mkono kwa uchache, ketamini ya dripu, ganzi ya mpasuaji. Tarajia dakika 15 hadi 25.

Isoflureni na fentanili pekee: inawezekana kabisa, na imefanywa kwa miaka mingi. Sharti ni mpasuaji akuarifu mapema zaidi. Dakika 30 kabla ishushe kutoka 1.0 hadi 0.6. Funga kabisa dakika 15 kabla, oksijeni lita 8 hadi 10. Kisha ngoja isome 0.4.

Mchanganyiko tunaousihi usitumike ni halotheni, pankuroniamu, dripu ya fentanili na diazepamu ya jana usiku. Kila moja inaweza kuwa na sababu yake, lakini zikiwa pamoja mgonjwa huyo ataamka jioni.

Dakika 45 kabla ya kumwamsha

Kazi inaanza jana yake, kitandani. Mweleze mgonjwa kwamba ataamshwa kidogo, hatasikia maumivu makali, hataweza kusema kwa sababu ya mrija, na atalala tena. Mfanyishe mazoezi mara mbili: kubana mkono, kisha kuchezesha vidole vya miguu. Tumia maneno yale yale utakayotumia kesho, kwa lugha anayoiota ndotoni. Binti aliyekulia Kisukuma au Kimaasai anaweza kujibu vizuri kwa Kiswahili wodini, lakini akiwa nusu usingizini akasikia maneno ya mama yake tu. Muulize anaitwaje nyumbani. Asiyesikia, mtoto mdogo sana au mwenye ulemavu wa akili hafai kwa jaribio hili. Kwa hao, baadhi ya wataalamu huangalia kifundo cha mguu wakati dawa inapungua: ukikunja unyayo kwa ghafla, mtu mwenye neva nzima anayetoka usingizini hutetemeka mara kadhaa, na kukosa mtetemo huo pande zote ni dalili mbaya.

Chumbani, mpasuaji aseme dakika 45 kabla. Hakikisha mwili una joto la nyuzi 36 au zaidi, maana baridi huchelewesha kila dawa. Machela iwe nje ya mlango, kwa ajili ya siku ambayo mrija utachomoka na mgonjwa itabidi ageuzwe. Propofoli ya kumrudisha, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo, iwe tayari kwenye sirinji iliyounganishwa. Kwa binti wa kilo 45 ni mililita 2.25 hadi 4.5.

Mpasuaji ajaze kidonda maji ya chumvi yenye uvuguvugu, ili pumzi ya ghafla isivute hewa kwenye mishipa iliyo wazi. Mtu mmoja ashike kichwa na mrija, na asiachie kwa jambo lolote. Mwingine aingie chini ya shuka, aione miguu yote miwili kwa macho yake.

Kisha mmoja tu ndiye anayesema, chumba kizima kimya. Jina lake la nyumbani, karibu na sikio. "Mwanangu, ukinisikia, bana mkono wangu." Ngoja. Vidole vinaanza kukaza, dhaifu, kisha wazi. "Vizuri sana. Achia." Akiachia umepata uhakika kwamba ni utii, si mkakamao. "Sasa chezesha vidole vya miguu." Aliye chini ya shuka aseme kwa sauti: kulia, kushoto.

Mikono hutangulia kwa sababu neva zake hutoka shingoni, juu ya mahali palipokarabatiwa. Mikono isipotii, bado amelala. Ngoja, usiseme lolote kuhusu miguu. Mikono ikitii na miguu ikakataa, hilo ni jambo la uti.

Likitokea, usimlaze haraka. Mpe amri mara ya pili, polepole. Miguu ikikataa tena, mpasuaji alegeze vyuma. Wewe pandisha presha ya wastani juu ya 85, oksijeni asilimia 100, angalia damu iliyopotea na uirudishe, pasha mwili joto. Kisha mwite tena kabla hujaamua amerudi au hajarudi.

Miguu ikicheza, sirinji inasukumwa mara moja, remifentanili au gesi inarudi kwenye kiwango chake, na presha inaendelea kutunzwa kwa saa zinazofuata. Jaribio limepima mwendo wa dakika ile tu. Uti uliokosa damu unaweza kuchoka baadaye, akiwa wodini, kwa hiyo vidole vya miguu vipimwe kila saa usiku kucha. Asubuhi yake muulize mgonjwa anakumbuka nini. Wachache hukumbuka kuitwa na kubana mkono. Akitaja maumivu, andika kwenye faili lake kiasi cha dawa ulichomwachia, ili anayefuata aongeze.